Mpira wa Mashoto

"Umekufa tena!" Mwanamvua alicheka. "Wifi, kesho kwenye mchezo wa rede yule mashoto wa Maili Moja atakumaliza. Mpira wake hautokei upande huo unaoukwepa."

"Sasa nijifunze kwa nani? Nyumba hii haina mashoto."

Tangu Mwanamvua aolewe hapa kijijini Masaki, mwaka wa pili huu, alikula, alipepeta na kupokea kwa mkono wa kulia tu, mama mkwe asije akamwona hana adabu.

Akauhamishia mpira wa matambara mkono wa kushoto.

"Kwepa!"

Mpira ulivuma sikioni mwa wifi yake, ukagonga ukuta.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Aliutazama mkono ule kwa muda. Kisha akainama, akausogeza kando mtungi wa maji, akawapisha.