Kisanduku cha Kikuwaa Safi

Sisi Wakuwaa tumebaki kabila la watu wachache huku jimboni Lofa, kwa hiyo sheria inasema kila mtoto wetu asikie Kikuwaa safi tu mpaka afikishe miaka saba. Kikuwaa safi kinatoka kwenye kisanduku cha serikali kinachosema na kusikiliza, kilichopigiliwa ukutani kwetu. Mimi na mama yangu tunachanganya na Kilorma, lugha ya majirani zetu, basi mbele ya mtoto tunatakiwa tunyamaze.

Mwezi uliopita ofisa wa lugha alikuja. Kisanduku kilikuwa kimetushtaki kwamba mama alimwimbia mwanangu Yassah huku akipepeta mchele.

"Mama, tunaiokoa lugha yenu," ofisa alisema.

"Mnaiokoa mikononi mwa nani?" mama aliuliza. "Mwizi wake ni mimi?"

"Ukirudia, mtoto atapelekwa bweni la serikali."

"Haya, baba. Na nikipiga chafya, nipige ya Kikuwaa safi?"

Ofisa hakucheka. Mimi pia sikucheka, maana nilikuwa nimeubana mkono wa Yassah, nikiomba mtu huyu aondoke bila kumchukua.

Tangu siku hiyo tumenyamaza. Nina subira, lakini hasira imenijaa.

Jana Yassah alijikata kidole kwa kisu cha mihogo. Nilipiga magoti nikamfungulia mikono. Alinipita, akampita na bibi yake, akaenda kukionyesha kisanduku ile damu. Kikamwambia pole, kwa Kikuwaa safi kabisa, naye akaacha kulia.

Nilimfuata nikamfunga kitambaa bila kusema neno. Alinipa kidole tu. Uso wake aliuelekeza ukutani.