Prosesa ya Kumrudisha Nyumbani

"Kati ya hizi mbili, ipi inapata joto zaidi?"

Fundi wa kompyuta aliinua uso kumtazama mama mshonaji aliyeuliza. Juu ya meza ya duka zilikaa prosesa mbili, chipu zinazoiendesha kompyuta, kila moja ndani ya kijiboksi chake, zimefanana kama sahani za seti moja. Wateja walizoea kumuuliza kasi, bei, hata rangi. Joto walilikimbia.

"Usiwe na wasiwasi, mama," alimwambia mshonaji kwa upole. "Hii ya kushoto haichemki. Ya kulia inakula umeme zaidi, ndiyo maana inapata moto. Kwa kazi zako za kila siku, kusikiliza nyimbo ukishona, kuongea na binti yako kwa video, hutaona tofauti. Chukua ya kushoto."

"Na hiyo ya kulia, nikiweka mkono juu ya kasha, nitalisikia joto?"

"Utalisikia. Ila ya kushoto..."

"Ya kushoto nimekuelewa, mwanangu. Nipe ya kulia."

Muuzaji wa kaunta ya pili alishindwa kujizuia. "Mama, unatafuta kompyuta au pasi?"

"Pasi ninayo," mshonaji akajibu bila kukasirika. "Hataki hata kuiona."

Fundi hakuelewa ni nani asiyetaka kuiona pasi, akaona haya kuuliza. Akaivuta kompyuta mbovu aliyoletewa, akafungua kifuniko. Feni ilikuwa imekabwa na vumbi na manyoya, vijinywele vifupi vya kijivu vilivyosokotana kama uzi.

"Mama, kuna mtu ananyolea ndevu hapa?"

Mshonaji akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Akavuta kiti.

"Kompyuta ni yangu, lakini aliyekuwa akiifaidi ni yeye. Tangu ilipokufa, kahama. Yuko kwa jirani, yule mama anayekaanga samaki. Kule jiko halizimwi mchana kutwa."

Fundi alihisi masikio yakimuwaka. "Analala huko?"

"Analala, anakula, ananenepa. Jana nimempita amekaa mlangoni kwa huyo mama, kaniangalia kama hanijui. Na nyumba ilivyo kimya sasa, mwanangu, nashona huku naongea na mkasi."

"Ni... mzee?"

"Mzee kweli. Meno yenyewe yamebaki machache. Michezo ameacha siku nyingi, siku hizi ni kulala tu. Lakini ndiye aliyebaki nami tangu binti yangu aolewe. Hii ikiwaka, najua atarudi."

Fundi hakuwa mwepesi wa maneno, ila siku hiyo roho ilimchemka. Mtu mzima, meno hana, anamkimbia mwenzake kwa sababu ya kompyuta na sahani ya samaki! Akasafisha mashine, akaahidi kuja mwenyewe kuifunga nyumbani. Mkobani akatia prosesa zote mbili. Moyoni alikuwa ameshaamua: atafunga ile ya kushoto, iliyo bora, na huyo mzee akitokea, atamwambia neno moja tu. Aibu. Njia nzima alilifanyia mazoezi.

Chumba cha mshonaji kilikuwa na cherehani, meza, na kiti kimoja chenye mto uliobonyea katikati. Fundi alichomoa ile prosesa ya kushoto. Mshonaji hakujua kusoma maandishi yale madogo, lakini aliusoma uso wake.

"Hiyo siyo."

"Mama, nakutakia mema. Hii ni tulivu. Ile nyingine itakupandishia joto chumba kizima."

"Ndiyo niitakayo."

"Lakini kwa nini?"

"Unanipenda, nakuona," mshonaji alisema, akamshika kiwiko. "Ila mimi ndiye niliyekaa naye miaka yote hii. Namjua anachokifuata."

Fundi akashindwa. Akafunga ya kulia, akabana feni, akarudisha kifuniko chenye matundu juu. Kompyuta ikaunguruma. Mshonaji akafungulia nyimbo zake, akafungua na dirisha linalotazama kwa jirani, kisha akaketi kwenye cherehani akijifanya anashona. Uzi haukuwamo kwenye sindano; fundi aliliona hilo.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili nao. Harufu ya samaki ikaingia peke yake. Mshonaji akaweka kiganja juu ya kasha, akakiondoa, akakirudisha.

"Limeanza kupata joto," akanong'ona.

"Akija, mama, usimpokee kirahisi hivyo."

"Wewe bado mdogo, mwanangu."

Wimbo wa tatu ulikuwa katikati mshonaji alipokamata kitambaa kwa mikono miwili. Hakugeuka. "Huyo anakuja," alisema chini kwa chini. "Usimtazame sana, ana kiburi."

Fundi akasimama, akakaza shingo, neno lake liko kwenye ncha ya ulimi.

Mzee akaingia bila hodi wala salamu, kupitia dirishani. Akaruka juu ya kasha, akajizungusha mara mbili, akajikunja, na kujifunika pua kwa mkia.