Nyayo Kwenye Tope

Alfajiri, Sihaba aliwaona kutoka juu ya dungu lake la kulindia mpunga: mbwa mwitu watatu wakiwafukuza nguruwe shambani. Alipoteremka, nyayo zao zilikuwa bado mbichi kwenye tope.

Jirani yake akatokea na mkuki, fulana yake ya mtumba imelowa umande.

"Wamepitia wapi, dada? Hawa si wa hapa. Wangekaa kwao!"

"Kwao anazaa mama peke yake, kaka. Bwana nyama, yule askari wa wanyamapori, alinieleza. Binti akitaka watoto wake, sharti atoke na dada zake, wakatafute pori lao."

Jirani akacheka. "Kumbe ndugu zako, Mmatumbi wewe!"

"Ndugu zangu, ndiyo. Mimi nami nilishuka milimani kwa sababu kwa baba sikuwa na shamba. Siku niliyofika hapa ulinipa pishi ya mbegu. Hukunijia na mkuki."

Jirani akaacha kucheka. "Dada, nionyeshe njia."

Sihaba akaweka kisigino juu ya unyayo wa kwanza, wenye vidole vinne na kucha zake, akausigina huku akimtazama usoni.

Kisha akasogea kwenye wa pili.