Mfano wa Amri ya Kufuta

Maneno yakatokea kwenye skrini: "Diski imefutwa."

Judica aliyasoma, mkono ungali juu ya kibodi. Tangu asubuhi, nyumbani kwake Kahororo, alikuwa akiandika maelekezo ya kumwonyesha wakala wa akili mnemba jinsi ya kuendesha programu inayoigiza kompyuta za zamani. Kila amri ilitaka mfano. Kwenye amri ya kufuta aliandika jina la diski lililomjia kwanza, ile ya marehemu baba yake, mwalimu wa kwaya, aliyohifadhia nyimbo zake. Wakala akausoma mfano, akautekeleza. Nakala nyingine haikuwapo.

Hakulia. Chini ya mfano akaongeza sentensi moja: "Kilichofutwa hakirudi."

Simu ikaita. Alikuwa mama yake, akipiga kutoka kijijini Kishanda, ambako watu walikuwa wakipanga viti vya kuanua matanga ya baba kesho yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, ule wimbo baba yako aliotunga kwenye kompyuta, hebu niwekee niusikie kabla watu hawajajaa."

Judica akaisogeza simu kwenye kompyuta. Feni yake ilikuwa ikivuma tu; wimbo haukuwapo.

Mama akasikiliza.

"Ndio wenyewe," akasema. "Ndivyo ulivyokuwa ukivuma usiku baba yako akiutunga. Usiuzime."