Kilichooza Nyuma ya Jiwe

Baunsa aliukandamiza uso wa mkewe kwenye kioo cha tangi la samaki mpaka pua ikabonyea.

"Tazama ulichofanya."

Mke akatazama. Samaki wawili walikuwa juu kabisa, wakitweta midomo wazi. Yule wa buluu, ambaye mume alimpenda kuliko mtu yeyote humo ndani, alikuwa amelala ubavu mchangani. Kichupa cha kupimia maji, ambacho siku njema huwa cha manjano, kilikuwa kijani kibichi. Amonia ilikuwa imepanda, na ikipanda hivyo maji yenyewe hugeuka sumu.

Ajabu ya mtu huyu! Mlangoni mwa baa alilipwa kuwatwanga walevi, nyumbani akatwanga bure, lakini kwa samaki wake alikuwa mpole kama yaya. Binti yake wa pekee aligonga kioo cha tangi kwa kijiko, akicheza tu, baba akamvunja mkono. Tangu hapo mtoto alikuwa kwa mama yake mdogo, na plasta mkononi.

Mwanzoni mwa wiki, wakila, mume alitangaza kwamba Jumamosi atamfuata mwanawe. Mama mtu ameshindwa kumfunza adabu, alisema, sasa atamfunza yeye. Leo ilikuwa Ijumaa.

Siku iliyofuata tangazo hilo, mke alitumwa chumvi ya tangi kwa mama muuza samaki wa mapambo. Mama yule hakuuliza habari za jicho lililovimba, maana alishawahi kuuliza. Alikuwa akichambua shehena ya mawe mapya ya baharini kwa koleo, wadudu na konokono waliokuja bila kualikwa akiwatia kwenye bakuli lenye kifuniko, huku akieleza kwa nini hathubutu kutumia mkono. Kisha akaenda stoo kuleta chumvi, akakawia huko kuliko mfuko mmoja unavyohitaji.

Sasa kofi lilimwangusha mke chini. Teke likamfuata mbavuni. Umemwaga nini humu? Sabuni? Dawa ya mbu? Kila alipokana alipigwa, na alipokuwa akivuta pumzi ili akane tena, akapigwa pia.

"Labda kuna kitu kimekufa," alisema mwishowe, damu menoni. "Nyuma ya lile jiwe kubwa."

Mume akasita. Hilo lilikuwa na maana, kwani kinachooza ndicho kinachozaa amonia. Akakunja mkono wa shati.

"Nakuomba usitie mkono mtupu, baba. Glavu zile pale. Au chukua koleo."

Jamani, miaka yote hiyo ya ndoa na mke bado hajajifunza? Mtu yule hakuwahi hata siku moja kufanya alichoombwa. Ukimwambia mtoto amelala, anaongeza redio. Alimtupia mkewe glavu usoni, akazamisha mkono mpaka begani.

Mke alijikokota hadi ukutani. Alimwona akipapasa nyuma ya jiwe. Aliguna kama aliyechomwa na mwiba, akatukana, akaendelea. Mkono ulipotoka ulikuwa umeshika pande la pweza lililooza, linanuka mpaka machozi, limefungwa kwenye kokoto kwa uzi mweusi. Uzi wa kushonea, kutoka kwenye mkebe wa mke.

"Kumbe ni wewe."

Alisema taratibu, na taratibu yake ilikuwa mbaya kuliko kelele. Akafungua mkanda. Akamwambia kwamba leo anamuua, na kesho mtoto atakuja kukaa na baba peke yake. Mke aliamini kila neno.

Pigo la kwanza lilimchana bega. La pili likampata shingoni, kwa upande wa chuma cha mkanda. La tatu halikufika. Mkanda ulimponyoka mume, akainama kuuokota, vidole vikakataa kufumba. Akajipapasa midomo kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Alitaka kutukana, ulimi ukawa mzito. Kope zikamshuka, magoti yakalegea, akaanguka puu mbele ya samaki wake.

Kwenye ncha ya kidole chake cha kati palikuwa na kitone kimoja chekundu.

Mke alisubiri mpaka akawa na uhakika. Kisha akavaa glavu, akachukua koleo, akamtoa nyuma ya jiwe yule konokono mzuri mwenye madoa, ambaye mama muuza samaki alisema mwiba wake huua mtu, akamrudisha kwenye bakuli alilolichukua dukani na kulifunika. Pweza alikuwa chambo tu.