Idhini ya Mkono

Mkuu wa mradi alikuwa ameketi kwenye kiti kisicho chake.

Wenzake walimwita Bwana Kanuni. Ndiye aliyeongoza ujenzi wa mfumo mpya wa bima ya afya, ule wa kuhakiki wanachama na kuidhinisha matibabu, na ndiye aliyepiga marufuku mtu yeyote kuidhinisha ombi kwa mkono. "Leo shangazi yako, kesho shangazi wa jirani," alizoea kusema. "Mfumo hauna shangazi."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Leo mama yake mzazi alikuwa hospitalini, utumbo umejisokota, na ombi lake la upasuaji lilikuwa limekwama kwenye uhakiki tangu alfajiri.

"Kaka, gari la wagonjwa liko mlangoni," dada yake alisema kwenye simu. "Nimhamishie hospitali ya serikali? Kule hawaulizi kadi kwanza. Daktari anasema mama hana muda wa kubahatisha."

"Kule ni mbali. Nipe dakika moja."

Fundi wa mifumo alikuwa ametoka kwenda kunywa chai, mashine yake akaiacha wazi. Bwana Kanuni alitafuta jina la mama, akalipata, akabofya "Idhinisha". Mfumo uliokuwa ukijikongoja asubuhi yote ulimjibu kabla hajapepesa jicho: "Imeidhinishwa".

"Wamekubali, mdogo wangu. Lirudishe gari. Mwambie daktari jibu linaingia kwao sasa hivi."

Alimsikia dada yake akimshukuru Mungu, kisha akimwambia dereva aende zake.

Fundi aliporudi na kikombe chake mkononi, alimkuta bado pale pale.

"Umekikalia kiti changu, mkuu. Ndiyo nimeshafukuzwa kazi hivyo?"

"Wa kufukuzwa ni mimi." Alisimama. Hakuwa mtu wa kuficha jambo. "Nimeidhinisha ombi la mama yangu kwa mkono. Andika taarifa, nitaitia sahihi."

Fundi aliinama, akakitazama kioo, akacheka kwa upole.

"Taarifa ya nini, mkuu wangu? Tulia, hujavunja kanuni yoyote. Hii ni mashine ya majaribio. Wagonjwa wote waliomo humu ni nakala tulizochota asubuhi. Hata ukiwaidhinisha wote, hakuna hospitali itakayopata habari."