Nyumba Isiyokaliwa

"Nyumba hii," nikawaambia wageni, "haijakaliwa na mtu kwa miaka mia mbili."

Humo ndani, mwanangu akaangua kilio.

Wageni wakatazamana. Meneja alikuwa nyuma yao, amekunja mikono kifuani. Ilikuwa siku yangu ya majaribio ya kuongoza watalii, na asubuhi nilimweleza, nikarudia, kwamba katika mtaa huu wa kale tunaishi watu. Akanijibu, "Dada, wageni wanakuja kuona magofu, siyo majirani. Sema ulivyofundishwa."

"Ni paka tu," alisema sasa, akicheka peke yake. "Endelea, dada."

Paka gani jamani! Dirisha la juu likafunguka, mama mkwe akachomoza kichwa.

"Mkwe! Unahutubia barabarani, mtoto kakaukwa na koo! Au na mimi ni gofu?"

"Mama, tafadhali, tuko kazini!" meneja akafoka.

"Na mimi niko wapi, harusini?"

Mgeni mmoja akapasuka kwa kicheko. Mimi nilitamani kulia. Maziwa yalikwisha kunitoka yenyewe, ya moto, yakachora miduara miwili kwenye sare mpya ya kampuni. Meneja aliiona. Akageuza uso, akaninyooshea kidole kuelekea ngomeni, kituo chetu kilichofuata.

"Twende. Sasa hivi."

Kilio kikapanda. Nikashika komeo la mlango.

"Samahanini, wageni wangu, nimewadanganya," nikasema. "Karibuni ndani. Ila vueni viatu, sakafu nimeipiga deki asubuhi."